Kufyeka Nyasi si Somo

Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 imewapa mahakimu wa Kenya njia ya kumwadhibu mkosaji bila kumtupa jela. Kosa likiwa la kifungo kisichozidi miaka 3, mahakama inaweza kumwamuru afanye kazi ya umma bila malipo: kutengeneza barabara, kupanda miti, kukarabati shule. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikaiweka huduma kwa jamii miongoni mwa njia za kumwepusha mtoto na kesi.

Ni hatua njema. Kijana anabaki kwao na anaendelea na masomo, badala ya kufungiwa pamoja na watu ambao wizi ndiyo kazi yao. Ninachohofia ni aina ya kazi anayopewa. Mara nyingi ni fyekeo na uwanja wa ofisi fulani. Anafyeka, saa zinahesabiwa, anaenda zake. Uwanja umesafishika, lakini yeye hakuna alichoulizwa wala alichofundishwa.

Kazi hugeuka mafunzo pale inapohusiana na kosa, inapompa ujuzi, na inapofuatwa na mazungumzo. Chukua kijana wa miaka 16 aliyekamatwa akikata miti msituni kuchoma makaa. Mpelekeni kwenye kitalu cha miche. Afundishwe kuchanganya udongo wa msitu, mchanga na samadi, na kuhamisha mche mchanga kwa kuushika jani, kwa sababu shina lake likibonyezwa mche hufa. Aone mche unavyohitaji kivuli na maji kila siku, miezi kadhaa, kabla ya kupandwa. Kisha mtu akae naye: mti ule uliouangusha ulikuwa na umri gani? Chemchemi ya pale chini inamhudumia nani? Na makaa yale, ulikuwa unamnunulia nani chakula? Swali hili la mwisho naliona zito kuliko yote, maana jibu lake huonyesha kama kijana anahitaji adhabu au familia yake inahitaji msaada.

Mazungumzo hayo hayawezi kuachiwa msimamizi wa kitalu peke yake. Afisa wa probesheni ndiye anayemchunguza kijana na kuiandikia mahakama ripoti kabla ya amri kutolewa, kwa hiyo anajua nyumbani kukoje. Lakini afisa mmoja mwenye mafaili mengi atapata wapi saa nzima ya kukaa na kijana mmoja?

Walimu wanaweza kumsaidia. Mtaala mpya umeleta mafunzo ya huduma kwa jamii katika sekondari ya juu, ambako mwanafunzi hutambua tatizo la mtaani kwake, hulishughulikia, kisha hutafakari alichojifunza. Mwalimu wa somo hilo ana ujuzi uleule unaohitajika kitaluni. Idara ya probesheni imwalike, na saa za mazungumzo zihesabiwe ndani ya amri ya mahakama, sawa na saa za jembe.