Vifungo vidogo vinavyoamua nguvu za daraja

MALORI yanayotoka bandarini Mombasa kuelekea Nairobi, Uganda na Rwanda hupitia Kambu, mji mdogo wa Kaunti ya Makueni ulio kati ya Mtito Andei na Kibwezi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori kubwa zaidi, pamoja na mzigo wake, kufikia tani 56. Daraja lolote kwenye njia kama hiyo sharti listahimili uzani huo usiku na mchana.

Mojawapo ya miundo inayotumiwa na wahandisi ni sakafu ya zege iliyolazwa juu ya mihimili ya chuma. Daraja linapoinama chini ya lori, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege hustahimili kubanwa ilhali hupasuka upesi likivutwa, na ndiyo maana chuma huwekwa chini.

Hata hivyo, viwili hivyo havishirikiani visipofungwa pamoja. Chukua mbao mbili zilizo sawa, uzipandanishe bila misumari, kisha ukanyage katikati. Kila moja itainama kivyake na ncha zake zitateleza. Zikifungwa zisiteleze kabisa, ukakamavu wake huongezeka mara 4. Darajani, kazi hiyo hufanywa na vifungo vya chuma vyenye vichwa, aghalabu vya unene wa milimita 19, vinavyochomelewa juu ya mhimili kabla ya zege kumwagwa. Husongamana zaidi karibu na nguzo, ambako msukumo wa kuteleza huwa mkubwa.

Mhandisi anapoliiga daraja hilo kwenye kompyuta, swali gumu ni hili: vifungo vinashika kwa kiasi gani? Akidhani haviachii hata kidogo, hesabu zitaonyesha daraja kakamavu kuliko lilivyo. Akivipuuza, atanunua chuma cha bure. Afadhali avichukue kama springi fupi ambazo ukakamavu wake umepimwa maabarani. Aidha, asisahau kuwa kitovu cha sakafu kiko juu ya kile cha mhimili. Akivilaza kwenye mstari mmoja, hupoteza sehemu kubwa ya faida ya kuviunganisha, na kosa hilo ni la hila kwa sababu mchoro bado hupendeza machoni.

Kuna pia suala la wakati. Zege likiwa bichi, vifungo havina cha kushika, na mihimili hubeba peke yake uzani wote, wajenzi wakiwemo. Kila hatua ya kumwaga zege hudai hesabu yake.

Hatari za kipindi hicho cha ujenzi zilidhihirika magharibi mwa Kenya. Mnamo Juni 26, 2017, daraja la Sigiri juu ya Mto Nzoia, eneo la Budalang'i, Kaunti ya Busia, liliporomoka kabla ya kukamilika na kuwajeruhi wafanyakazi, takribani wiki mbili baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulikagua.

Daraja likishafunguliwa, vifungo havionekani tena. Mkaguzi hubaki kutafuta dalili tu: nyufa kwenye sakafu, michirizi ya kutu pale zege linapokutana na chuma, au mwanya unaofunguka lori linapopita.