Paka muzee mwenye ugonjwa wa sukari: namna ya kumutunza nyumbani

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, paka siyo pambo. Anachunga mahindi, maharagi na unga ili panya zisimalize. Paka mwenye amefanya kazi hiyo miaka kumi ao zaidi anakuwa kama mutu wa nyumba. Halafu siku moja wenye nyumba wanaona mambo yamebadilika: bakuli ya maji inaisha mbio, paka anaenda kunywa hata ndani ya beseni ya vyombo, anakojoa kila mara. Anakula vizuri, pengine kuliko zamani, lakini mugongo wake unabaki mifupa tu.

Wengi wanasema: "Ni uzee." Wengine wanafikiri amekula sumu. Lakini inaweza kuwa ugonjwa wa sukari, ule ule wenye watu wanaita diabeti. Paka anaupata kama vile mutu anaupata. Hauambukizi: hautoki kwa paka kwenda kwa watoto, na haupite kutoka paka moja kwenda kwa mwingine. Na kwa paka mwenye anatunzwa mapema, kuko matumaini ya kweli.

Sukari inapanda namna gani?

Mwili unahitaji insulini ili sukari itoke katika damu na kuingia kwenye misuli. Insulini inatengenezwa na kongosho. Kwa paka wengi wenye kugonjwa, kongosho ingali inatoa insulini kidogo, lakini mwili hauisikii tena vizuri. Sukari inabaki katika damu. Ikipita karibu miligramu 250 mpaka 290 kwa desilita, figo zinaiacha ipite katika mukojo, na sukari hiyo inavuta maji. Ndiyo sababu paka anakojoa sana, kisha anasikia kiu. Na kwa kuwa chakula hakifike kwenye misuli, mwili unaanza kujikula wenyewe.

Wenye kuwa katika hatari zaidi ni paka wenye kupita miaka saba, madume wenye walihasiwa, na paka wanono wenye kushinda wamelala ndani. Kuko pia sababu moja yenye watu hawaijue: dawa. Dexamethasone na prednisolone, zenye watu wananunua kwa famasi juu ya mwasho wa ngozi, zinapandisha sukari ya paka. Sindano za kuzuia paka jike asitafute dume zinaweza pia kufanya vile. Munganga wa wanyama anapaswa kuambiwa dawa zote zenye paka alipata, hata kama ni za zamani.

Alama moja inashangaza watu: paka anaanza kutembea akiweka kisigino cha miguu ya nyuma chini, na anashindwa kuruka. Hakuvunjika. Ni sukari imeharibu mishipa ya fahamu.

Kuhakikisha kwanza

Kunywa maji mengi na kukonda siyo alama za sukari peke yake. Figo zenye kuchoka na ugonjwa wa tezi ya shingo vinaleta alama zilezile kwa paka muzee. Kwa hiyo hakuna kuanza dawa kwa kukisia.

Nyumbani mutu anaweza kupima maji: anaweka kipimo anachojua asubuhi, kesho yake anaangalia yenye yamebaki. Paka wa kilo nne mwenye kupitisha mililita 200 kwa siku anapaswa kuonwa na munganga.

Kipimo kimoja cha damu hakitoshe. Paka mwenye ameogopa, mwenye ameletwa katika mufuko juu ya moto, sukari yake inaweza kupanda sana bila ugonjwa wowote. Munganga anaunganisha damu na mukojo: sukari ikiwa katika vyote viwili, na alama ziko, jambo linakuwa wazi. Mashine ndogo yenye watu wanatumia kupima sukari yao inaweza kusaidia, kwa tone la damu lenye limetoka pembeni ya sikio. Lakini ijulikane kwamba mashine za watu kwa kawaida zinaonyesha hesabu ya chini kidogo kuliko sukari ya kweli ya paka.

Chakula: foufou iondoke

Paka ni mula-nyama. Mwili wake haukuumbwa juu ya foufou, wali, mukate ao ugali wenye kutiwa muchuzi. Kwa paka muzima inapita. Kwa paka mwenye sukari, ni kuongeza moto juu ya moto.

Samaki, nyama ya ngombe, kuku, moyo na maini kidogo ndivyo vinamufaa. Sambaza za Ziwa Kivu na ndakala za Tanganyika ni nzuri kwa kuwa paka anazikula na mifupa yake midogo, yenye inaleta kalsiamu. Zipikwe bila chumvi, bila kitunguu na bila mafuta, na asipewe samaki mubichi kila siku. Moyo wa ngombe una taurini, kitu chenye paka hawezi kuishi bila hicho. Maji ya kupikia yasimwangwe, apewe pamoja na nyama. Mifupa ya kuku yenye kupikwa hapana, inatoboa tumbo.

Paka munono apunguzwe polepole. Kumunyima chakula siku nyingi ni hatari: ini lake linajaa mafuta na anaweza kufa. Tena, kama tayari anapata insulini, kubadilisha chakula kunaweza kuangusha sukari mbio. Munganga ajulishwe mbele.

Insulini: mara mbili kwa siku

Vidonge vya sukari vya watu haviwezi kuchukua nafasi ya insulini kwa paka. Metformin, yenye iko katika nyumba nyingi, haimusaidie. Katika Marekani, serikali ilikubali dawa mbili za kumeza za paka, Bexacat katika mwezi wa Desemba 2022 na Senvelgo katika mwezi wa Agosti 2023, lakini hizo ni za paka mwenye hajatumia insulini, na zinaomba munganga amufuate karibu sana.

Insulini inapigwa kila masaa 12, kwa mufano saa moja ya asubuhi na saa moja ya mangaribi. Mutu anainua ngozi kati ya mabega ao pembeni ya mbavu, anaingiza sindano chini ya ngozi. Sindano ni nyembamba sana. Paka wengi hata hawaachi kula. Mara nyingi munganga anaanza na uniti moja asubuhi na moja mangaribi, kisha anabadilisha kwa kufuata vipimo. Mwenye paka asiongeze yeye mwenyewe.

Aina pia ni muhimu. Ile ya haraka, yenye hospitali inatumia kwa wagonjwa mahututi, siyo ya kutunzia paka nyumbani. Ile ya NPH inaisha mbio katika mwili wa paka. Glargine, ya watu, inafanya kazi vizuri kwa paka wengi.

Kosa lenye kuua liko katika seringi. Insulini ya watu mara nyingi ni U-100, nyingi za wanyama ni U-40. Mutu akivuta insulini ya U-100 na seringi ya U-40, paka anapata dawa mara mbili na nusu. Hesabu ya chupa na hesabu ya seringi zifanane, kila mara.

Na umeme ukikatika?

Chupa yenye haijafunguliwa inachungwa kati ya digri 2 na 8, bila kuganda. Insulini yenye iliganda inatupwa. Katika mwaka wa 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na wa Médecins Sans Frontières walionyesha kwamba insulini za watu zenye walipima zilibaki na nguvu muda wa wiki nne katika joto la kupanda na kushuka kati ya digri 25 na 37. Kwa hiyo usiku moja bila umeme hauharibu dawa.

Mwenye hana frigo anaweza kutumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, muchanga wenye maji katikati, kitambaa chenye maji juu. Bukavu na Goma, kwenye karibu metre 1 500, baridi inasaidia. Uvira na Kalemie inaomba kuangalia zaidi. Dawa yenye kwa kawaida ni nyeupe kama maji, ikibadilika rangi ao ikiwa na vipande, haitumiwe.

Hatari ya mbio: sukari kushuka

Sukari ya juu inaua polepole. Sukari ya chini inaweza kuua ndani ya saa. Paka anakuwa muregevu, anatembea kama mulevi, anatetemeka, anaanguka kifafa. Hapo apakwe asali ao maji ya sukari mazito kwenye ufizi, kidogo kidogo. Asimwangiwe maji mudomoni, yanaweza kuingia katika mapafu. Akiamka, apewe chakula na apelekwe kwa munganga.

Paka akikataa kula ao akitapika, asipigwe kipimo cha kawaida: munganga aulizwe kwanza. Na kama hajakula, anatapika na amelegea bila kuamka, asingojwe mupaka kesho.

Gharama, na maamuzi

Chupa ya mililita 10 ya U-100 ina uniti 1 000. Paka wa uniti mbili kwa siku anatumia karibu 60 kwa mwezi, na watengenezaji wanaandika kwamba chupa yenye kufunguliwa itumiwe karibu wiki nne. Ile ndogo ya mililita 3 inapoteza kidogo. Jambo moja liwe wazi katika nyumba yenye kuko mutu mwenye sukari: insulini yake isipunguzwe juu ya paka, na seringi zisichangiwe. Zenye zimetumiwa ziwekwe katika chupa ngumu yenye kufunikwa, mbali na watoto.

Kwa wenye hawawezi kununua insulini, kuondoa foufou, kusimamisha dawa mbaya kwa shauri la munganga na kupunguza unono vinasaidia, lakini mara nyingi havitoshe. Paka mwenye anateseka bila matunzo, kumuombea munganga amulaze bila maumivu siyo haya.

Mwenye ameanza atafute daftari: saa ya sindano, chakula, maji, na uzito kila wiki. Uzito unapimwa mutu akipanda kwenye mizani na paka, kisha peke yake. Paka wengine, wakitunzwa mapema, wanafika wakati sukari inabaki sawa bila insulini. Daftari ndiyo itamuonyesha munganga kama siku hiyo imefika.