Gari la Kulala Porini: Piga Hesabu ya Kilo Kwanza

Wewe unayekaa Handeni au Korogwe unajua maana ya kulala porini. Lami ipo kutoka Korogwe hadi Handeni mjini. Lami nyingine inatoka Mkata. Lakini shamba lako haliko kando ya lami. Mizinga yako ya nyuki haiko kando ya lami. Mnada wa ng'ombe nao uko mbali. Ukiacha lami unaingia njia ya vumbi. Halafu unaingia njia ya gari moja. Halafu unakuta korongo la mchanga. Jua linazama, na hapo ndipo unapolala.

Wengi hulala juu ya magunia au chini ya gari. Wengine hununua Landrova ya zamani au pikapu kuukuu, wakaitengeneza iwe gari la kulalia. Wanatia kitanda, maji, taa na turubai. Kule Arusha mafundi hufanya kazi kubwa zaidi kwa magari ya watalii. Hukata fremu na kuirefusha. Hukata paa ili lifunguke, watalii wasimame na kutazama wanyama. Kazi hiyo ya kukata fremu si ya kufanyia uani kwako, wala usiijaribu. Lakini kitanda, masanduku, keria na taa vinaweza kutengenezwa kijijini. Unahitaji seremala, fundi wa kuchomelea, na hesabu kidogo.

Je, kuna hatari gani? Hatari ni mbili. Ya kwanza ni gari kupinduka kwa sababu ya mzigo uliowekwa juu. Ya pili ni watu kufa usingizini kwa sababu ya moshi. Zote mbili huletwa na vitu ambavyo mwenye gari ameviongeza mwenyewe, kwa fedha yake, akidhani anajisaidia.

KAGUA FREMU KABLA YA KUNUNUA GODORO

Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika mji wa Amsterdam, nchini Uholanzi. Waingereza ndio walioitengeneza. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na chuma kilikuwa haba. Kwa hiyo bodi la gari lilitengenezwa kwa alumini. Aina hiyo ya zamani iliendelea kutengenezwa, ikibadilishwa kidogo kidogo, mpaka Januari 2016. Ndiyo sababu bado unaiona njiani.

Bodi lake limefungwa vipande vipande kwa boliti. Fundi mwenye spana anaweza kufungua kipande kimoja na kufunga kingine. Alumini haishiki kutu kama chuma. Lakini fremu ya chini ni ya chuma, tena ni kama sanduku refu lililo wazi ndani. Maji na tope huingia humo na kukaa. Kutu huanza ndani, mahali ambapo macho hayafiki.

Kwa hiyo lala chini ya gari na nyundo ndogo mkononi. Gonga fremu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito, na pengine nyundo inazama. Ukikuta mahali kama hapo, fedha yote ya kitanda iende kwanza kwenye fremu. Hakuna faida ya kuweka kitanda kizuri juu ya fremu iliyooza.

Kumbuka mambo mawili juu ya alumini. Fundi wa kawaida wa kijijini hawezi kuichomelea kwa mashine ile anayochomelea mageti. Tumia boliti au ribiti. Pia, mahali ambapo alumini inagusana na chuma na maji yanapita, alumini huliwa na kuwa unga mweupe. Kata vipande vya mpira wa tairi la ndani, uviweke katikati kila unapofunga chuma juu ya bodi. Kazi hiyo haina gharama.

Fundi akichomelea chuma chochote kwenye gari, fungua kwanza nyaya za betri, maana umeme wa mashine unaweza kuunguza dinamo. Kama anachomelea karibu na tangi la mafuta, tangi litolewe na lipelekwe mbali. Usiseme, "Tangi ni tupu." Tangi tupu limejaa mvuke wa mafuta, na mvuke huo hulipuka upesi kuliko mafuta yenyewe.

HESABU YA KILO

Sasa chukua kadi ya gari. Inaonyesha uzito wa gari likiwa tupu, na uzito ambao gari halipaswi kuuzidi likiwa na mzigo. Toa namba ndogo kwenye namba kubwa. Jibu ndilo mzigo wako wote, pamoja na watu.

Tuseme gari tupu lina kilo 1,900, na likipakiwa lisizidi kilo 2,700. Mzigo wako ni kilo 800. Watu wanne wana kilo 280 hivi. Zimebaki 520. Maji lita 100 ni kilo 100, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Zimebaki 420. Sasa hesabu kitanda cha mbao, masanduku, keria, tairi la akiba la pili, jeki, koleo, sufuria, unga na magodoro. Kilo zinakwisha upesi kuliko unavyodhani. Na bado hujapakia asali wala mahindi uliyoyafuata!

Usikisie. Kijiji kinachouza mahindi hakikosi mizani. Pima kila kitu kabla ya kukifunga, na uandike kwenye daftari.

Baada ya kujua kilo ngapi, jiulize: Ziko wapi? Watu wengi hupenda keria kubwa juu ya paa. Gari likipakiwa hivyo linapendeza kwa macho. Mimi silipendi hata kidogo. Paa la gari halikutengenezwa kubeba kila kitu. Kwa magari mengi kiasi kinachokubalika juu ya paa ni kati ya kilo 50 na 150, na keria yenyewe inahesabiwa humo. Keria nzito ya chuma ina kilo 40. Tairi moja na rimu yake lina kilo 30. Jerikeni 4 za maji zina kilo 80. Jumla ni kilo 150, na bado hujaweka turubai.

Mzigo ulio juu hulivuta gari upande linapopita kwenye mteremko au linapokata kona. Unajua mama anavyotembea na ndoo ya maji kichwani: hutembea wima na polepole. Gari haliwezi kujinyoosha kama mama. Upande mmoja ukiingia kwenye shimo, paa linaendelea kwenda.

Weka maji chini, sakafuni, nyuma tu ya viti vya mbele. Weka vyuma na jeki sakafuni. Vifunge kwa kamba au mkanda imara, maana gari likisimama ghafla jerikeni la kilo 20 huruka na kumvunja mtu shingo. Juu ya paa weka vitu vyepesi tu: turubai, mkeka, magodoro.

Watu wengine huongeza pasi za springi ili gari libebe zaidi. Springi ngumu haibadili namba iliyo kwenye kadi. Breki ni zile zile. Ekseli ni ile ile. Gari tupu lenye springi ngumu hurukaruka, likaipasua fremu, na taa zake za mbele hubadili mwelekeo. Badili springi zilizochoka, lakini usidhani umenunua nguvu mpya.

MAJI, MAFUTA NA JINA LA JERIKENI

Katika Handeni maji si kitu cha kuokota njiani. Weka angalau lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na uongeze akiba ya siku mbili. Gari likikwama, siku mbili hupita upesi.

Je, unajua jina jerikeni limetoka wapi? Kopo hilo la lita 20 lilitengenezwa na Wajerumani kwa ajili ya jeshi lao, kabla ya Vita Kuu ya Pili. Askari wa Uingereza waliliona ni bora kuliko makopo yao, wakaliiga. Askari hao walimwita Mjerumani kwa jina la utani, "Jerry". Basi kopo likaitwa kopo la Jerry, na jina likafika mpaka kwetu.

Jerikeni la mafuta lisitumike kamwe kwa maji, hata likioshwa mara kumi. Lililotiwa dawa ya shambani lisitumike kwa maji wala kwa chakula. Paka rangi tofauti: nyeupe kwa maji, nyekundu kwa mafuta. Hata mtoto asiyejua kusoma ataelewa.

Mafuta ya akiba yakae nje ya chumba cha kulala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama nyoka, ukafika kwenye jiko lililo mbali.

KITANDA NA MOSHI

Kitanda kizuri ni ubao uliokaa juu ya masanduku mawili marefu. Ndani ya masanduku unaweka vyakula na vyombo. Pima mtu mrefu kuliko wote watakaolala, usipime gari peke yake. Funga masanduku kwa boliti kwenye sakafu, siyo kwa misumari. Njia mbaya hung'oa misumari kwa siku moja. Kila tundu unalotoboa sakafuni litazame kwanza kwa chini, usije ukatoboa bomba la breki.

Madirisha yawe na wavu wa waya, na chandarua chenye dawa kiwe juu ya kitanda. Mbu wa malaria huuma usiku. Mbung'o huuma mchana, nao hufuata gari linalotembea. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na rangi nyeusi. Wanaotega mbung'o hutumia vitambaa vya rangi hizo. Sasa tazama maduka yetu: turubai la bei nafuu ni la buluu! Kama unakwenda sehemu yenye mbung'o, tafuta turubai la kijani hafifu au la rangi ya udongo. Nguo zako nazo ziwe hivyo.

Sasa soma sehemu hii polepole, na umsomee mwenzako. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari wakati wa kulala. Hata kama mvua inanyesha. Hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi unaoonekana. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Mtu aliyeamka huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kutaka kutapika. Mtu aliyelala haamki.

Bomba la moshi la injini hutoa hewa hiyo hiyo. Usilale na injini inaunguruma. Kagua bomba lote. Kama lina tundu chini ya sakafu, lizibwe kabla hujafunga kitanda. Matundu ya sakafu nayo yazibwe, na madirisha mawili ya pande mbili yabaki wazi kidogo usiku kucha. Mwenzako akilalamika kichwa ndani ya gari, mtoe nje kwanza kwenye hewa safi. Maswali yatafuata, halafu mpeleke hospitali.

TAA

Betri ya pili sioni kazi yake kwa watu wengi. Ina kilo 15 au zaidi. Taa ndogo ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 5 inakula sehemu ndogo sana ya betri ya gari. Simu mbili vilevile. Paneli ndogo ya jua itakurudishia umeme huo asubuhi. Kama lakini unavuta waya mpya, weka fyuzi karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukikwaruzwa na chuma huwasha gari zima.

KORONGO, TOPE NA RUHUSA

Kwenye korongo la mchanga, punguza upepo wa matairi mpaka kama PSI 20. Tairi litapanuka na kukanyaga mchanga bila kuzama. Nenda polepole. Lazima uwe na pampu, maana ukirudi kwenye njia ngumu na tairi legevu, litapasuka. Beba koleo, panga na mbao mbili nene. Ubao mmoja ni wa kuweka chini ya jeki kwenye tope.

Wakati wa masika usiingie kwenye maji yanayokimbia. Maji ya sentimita 60 yanaweza kuelea na gari kubwa. Bomba refu la hewa linaloinuka hadi paani huzuia maji kuingia kwenye injini, lakini halizuii mto kuchukua gari. Simama, pika chai, ngoja maji yapungue.

Ukifika kijiji cha watu, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji kabla ya kufunga turubai. Ndani ya hifadhi ya Taifa, kama Saadani, kulala ni kwa kulipia na mahali palipopangwa. Kama umebadili rangi, injini au jambo lolote lililoandikwa kwenye kadi, peleka habari TRA, kadi ilingane na gari.

Kazi ikiisha, usiende porini siku hiyo. Pakia kila kitu, jaza maji, halafu endesha kilomita 10 kwenye njia mbaya karibu na nyumbani. Rudi, kaza boliti zote, maana nyingi zitakuwa zimelegea. Gusa kila rimu kwa mkono, kwa uangalifu. Ile iliyo ya moto kuliko wenzake ina breki inayokwama. Usiku huo lala ndani ya gari uani kwako, na watu wote mtakaosafiri nao. Asubuhi utajua ni kitu gani cha kushusha.