Bega, Sindano na Mbalamwezi

Omena, yaani dagaa, huvuliwa gizani. Usiku usio na mwezi, mashua hutoka kwenye fuo za Ziwa Viktoria upande wa Kenya zikiwa na taa. Samaki hufuata mwanga, wavu huzungushwa, kisha watu huuvuta kwa mikono, mara nyingi mpaka alfajiri. Kukicha, wachukuzi hupandisha mizigo ufuoni, na mjini Kisumu wasukuma mikokoteni wa soko la Kibuye nao huanza zamu yao. Uchumi huu mzima umebebwa na mabega.

Na bega halikuumbwa kwa mzigo wa aina hiyo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kishimo chenye kina kifupi cha kombe la bega, kama chungwa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono huzunguka kila upande, na ndiyo maana pia huyumba upesi. Kinachokituliza kichwa hicho mahali pake ni misuli minne midogo na kano zake, na juu ya kano hizo kuna kifuko chembamba chenye ute wa kupunguza msuguano. Ukivuta na kuinua miaka nenda miaka rudi, kano huchakaa, kifuko huvimba, na usiku huwezi kulalia upande ule.

Lipo pia bega lililoganda, jina alilolitoa Ernest Codman wa Boston mwaka 1934. Hapo utando unaofunika kiungo ndio unaokakamaa. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wenye kisukari, na huweza kudumu miezi mingi au hata miaka.

Maumivu hayo hutibiwa pia kwa sindano, lakini si ile ya makalioni ambayo wengi huchomwa kwenye duka la dawa wakasahau maumivu kwa siku moja. Hii huelekezwa begani penyewe, kwenye kifuko au ndani ya kiungo, na hubeba steroidi, mara nyingi pamoja na dawa ya ganzi. Ganzi huisha baada ya saa chache. Steroidi huchukua siku kadhaa kushika, kisha huzima uvimbe kwa wiki kadhaa. Mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba sukari yake inaweza kupanda kwa siku chache.

Je, ikichanganywa na fiziotherapia? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watu 232 wenye maumivu ya bega. Waliodungwa kisha wakafanya mazoezi walikuwa na nafuu kubwa zaidi katika wiki ya kwanza na ya sita kuliko waliofanya mazoezi peke yake. Kufikia wiki ya 12, tofauti ilikuwa imetoweka. Kwa bega lililoganda, utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2020, ulichukua wagonjwa 503 na kulinganisha aina mbili za matibabu ya chumba cha upasuaji na fiziotherapia iliyoambatana na sindano. Baada ya mwaka, hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa kiwango cha maana.

Wapo wanaosoma takwimu za wiki ya 12 na kusema sindano ni kazi bure. Sikubaliani nao. Mvuvi hulipwa kwa usiku aliotoka, na wiki sita za kulala vizuri na kuweza kuinua mkono ni mali. Lakini hapo hapo ndipo hatari ilipo. Maumivu yakitulia, atarudi kwenye wavu kesho yake, ilhali kano bado ni dhaifu, na steroidi ikirudiwa rudiwa huzidi kuzidhoofisha. Ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kuzidisha sindano tatu kwa mwaka kwenye bega moja.

Wiki hizo ni za mazoezi: kuuning'iniza mkono na kuuchezesha polepole, kupandisha vidole ukutani, kisha kuvuta kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa mlangoni. Utafiti wa mwaka 2021 wenye washiriki 708 wenye matatizo ya kano ulionyesha kwamba kikao kimoja cha maelekezo mazuri, mgonjwa akaendelea nyumbani, kilileta matokeo sawa na vikao hadi sita vya mtaalamu. Kwa anayetafuta nauli ya kutoka ufuoni hadi hospitali ya rufaa ya Jaramogi mjini Kisumu, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa sababu ya msaada wa Wasovieti ulioijenga, hiyo si habari ndogo.

Na ziwa lina ratiba yake. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mashua hazina nguvu na wavuvi wa omena hupumzika siku kadhaa. Zaidi ya hapo, kanuni za Kenya zimeweka msimu wa kufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai. Sindano ya mwanzoni mwa Aprili humpa mvuvi wiki za nafuu bila wavu wa kuzivuruga, na muda wa kutosha kuzifanyia kano mazoezi kabla ya Agosti. Daktari anayeandika sindano hiyo hana budi kumuuliza mgonjwa, pamoja na mengine yote, mashua yake inatoka lini tena.