Je, Wajua? Kuuguza ni Kumrudishia Mtu Uwezo Wake

Je, wajua kwamba nadharia ya kujitunza ilizaliwa na swali moja? Dorothea Orem, muuguzi Mmarekani aliyezaliwa Baltimore mwaka 1914, alijiuliza: ni lini hasa mtu humhitaji muuguzi? Akajibu: pale mahitaji yake ya kujitunza yanapouzidi uwezo wake. Pengo hilo ndilo kazi ya muuguzi.

Je, wajua kwamba mawazo hayo yalikomaa katika kuandaa mitaala? Kuanzia 1957 Orem alifanya kazi katika ofisi ya elimu ya serikali ya Marekani, na mwongozo wake wa kuandaa mitaala ya wauguzi ukatoka 1959. Maana kazi isiyojulikana mipaka yake haifundishiki.

Je, wajua kwamba kitabu chake, *Nursing: Concepts of Practice*, kilitoka 1971 na kufikia toleo la sita mwaka 2001, mwandishi akiwa amevuka miaka 85?

Je, wajua kwamba aliorodhesha mahitaji manane ya kila binadamu? Hewa, maji, chakula, kwenda haja, shughuli na mapumziko, faragha na kuchangamana, kujikinga na hatari, na kuishi kama wanadamu wenzake. Faragha imekaa orodha moja na hewa! Mgonjwa anayelilia watu wake wodini, na yule anayetamani robo saa ya kuwa peke yake, wote wawili wana haki ya kusikilizwa.

Je, wajua kwamba mgonjwa mmoja aweza kupitia mifumo yote mitatu ya uuguzi aliyoieleza Orem? Akiwa hajazinduka baada ya upasuaji, muuguzi humfanyia kila kitu. Akipata nguvu, uso hunawa mwenyewe, mgongo husuguliwa na muuguzi. Anapokaribia kuruhusiwa, muuguzi humwelekeza namna ya kutunza mshono, na mikono inayofanya kazi ni ya mgonjwa.

Je, wajua kwamba kujua si kuweza? Kwa Orem, kujitunza ni kujua, kuamua na kutenda. Mwenye kisukari aweza kukutajia dozi yake ya insulini bila kukosea, ilhali macho yake hayaoni tena alama za bomba la sindano. Huyo hahitaji somo jingine. Anahitaji namna ya kupima anayoimudu. Ndiyo maana mwanafunzi wa uuguzi anayeifuata nadharia hii haulizi kuhusu ugonjwa tu. Huuliza pia: huyu anaweza nini?

Je, wajua kwamba anayemtunza mtoto au mzee asiyejiweza naye ana nafasi katika nadharia hii? Uwezo wake hupimwa, naye hufundishwa.

Basi utakapokwenda kumwona mgonjwa, kabla hujashika kijiko umlishe, muulize kwanza: "Utakula mwenyewe?" Kisha msubiri, hata kama mkono wake unatetemeka.