Mwalimu asiyetaka kujua nani alishinda

Maria Konnikova alikuwa amepoteza mkono wa poka aliostahili kuushinda. Kila aliyewahi kukaa kwenye jamvi la karata anayajua maumivu hayo: umecheza vizuri, umesubiri, umehesabu, kisha karata moja inafunuliwa na kila kitu kinageuka. Akamwendea mwalimu wake, Erik Seidel, amsimulie, naye hakumwacha afike mwisho. Alimuuliza kama ana swali lolote kuhusu namna alivyoucheza mkono ule. Hakuwa nalo. Alitaka tu kusikilizwa. Basi, mwalimu akamjibu, hadithi hiyo hataki kuisikia.

Nilikuwa nasoma kitabu cha Konnikova, *The Biggest Bluff*, kilichotoka mwaka 2020, kwa nia ndogo sana: kujifunza kanuni za msingi za poka. Kanuni nilizipata, na hazikunichukua muda mrefu. Lakini ukurasa ule wa mwalimu aliyekataa kusikia mkono uliishaje umenikaa kichwani tangu hapo. Sijawahi kumsikia mwalimu wa kitu chochote, kiwe mpira, biashara au kilimo, akimwambia mwanafunzi wake kwamba matokeo hayamhusu.

Konnikova si mtoto wa kasino. Alizaliwa Moscow, akakulia Marekani, akasomea saikolojia hadi kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 2015 mambo yalimwandama: yeye mwenyewe aliugua, mama yake akapoteza kazi, bibi yake akateleza, akaanguka na kufariki. Akaanza kujiuliza ni kiasi gani cha maisha yetu kiko mikononi mwetu na kiasi gani ni bahati tu. Katika kusoma akakutana na John von Neumann, mwanahisabati aliyechapisha mwaka 1928 makala ya kuchambua michezo kwa hesabu, na mwaka 1944 akaandika na Oskar Morgenstern kitabu kilichoasisi nadharia ya michezo. Mchezo uliomvutia von Neumann ulikuwa poka. Konnikova akaamua kuujifunza mezani, kwa fedha halisi, ilhali alikuwa hajui hata pakiti ina karata ngapi.

Ziko 52, na kanuni za mchezo nitazieleza kwa mkono mmoja tu, kwa sababu mkono huo ndio unaolifanya katazo la Seidel kuwa zito.

Ni mwaka 1988, Las Vegas, katika kasino ya Binion's Horseshoe. Mashindano makuu ya dunia ya poka yalianza na wachezaji 167, kila mmoja akiwa amelipa dola 10,000. Sasa wamebaki wawili. Mmoja ni Johnny Chan, bingwa wa mwaka uliotangulia. Mwingine ni kijana wa New York aliyewahi kucheza bakigamoni na kufanya kazi Wall Street: Erik Seidel.

Mchezo ni Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa zaidi duniani. Kila mchezaji hupewa karata mbili, kifudifudi, azione peke yake. Kabla hata hazijagawanywa, wawili mezani wameshalazimika kuweka dau, dogo na kubwa, ili katikati ya meza pawe na kitu cha kugombea. Ukifikiwa na zamu una njia chache tu: ulipe dau lililowekwa, ulipandishe, au ulaze karata zako na kujitoa, ukiacha ulichokwisha kuweka. Kama hakuna aliyeongeza dau, unaweza kupita bila kulipa. Chan alipata jeki na tisa. Seidel alipata malkia na saba.

Kisha mgawaji hufunua karata tatu katikati ya meza, nazo ni za wote. Siku ile zilikuwa malkia, nane na kumi. Simama hapo utazame. Kazi ya kila mchezaji ni kuunda karata tano bora kutokana na mbili zake na zile za wote. Ngazi za ushindi zinapanda hivi: karata kubwa tupu, jozi moja, jozi mbili, tatu za namba moja, mfululizo wa tano, tano za aina moja (ziwe kopa, shupaza, uru au pao), tatu za namba moja pamoja na jozi, nne za namba moja, na juu kabisa mfululizo wa tano zote za aina moja. Seidel akitazama meza anaona malkia, na mkononi anaye malkia. Ana jozi, tena ya karata kubwa kuliko zote zilizo mezani. Wachezaji wakiwa wawili tu, jozi kama hiyo ni mkono wenye nguvu. Asichokiona ni kwamba Chan ameunganisha nane, tisa, kumi, jeki na malkia. Mfululizo kamili.

Chan hakuonyesha dalili. Watu wengi wanadhani uhodari wa poka ni kupiga mkwara, yaani kujifanya una karata kali ilhali huna kitu. Chan alifanya kinyume chake: alikuwa na kila kitu akajifanya mnyonge. Ikafunuliwa karata ya nne, mbili. Tangu hapo Seidel alikuwa ameshakwisha bila kujua, kwa sababu hakuna karata ya tano katika zote zilizosalia ambayo ingeweza kumwokoa. Ikafunuliwa ya tano, sita. Seidel akasukuma kete zake zote za dau katikati. Chan akalipa, karata zikageuzwa, na ubingwa ukarudi kwa mwenyewe pamoja na dola 700,000. Seidel aliondoka na 280,000.

Hata hayo angeyasahau kama dunia ingemwachia. Lakini mwaka 1998 ikatoka filamu ya *Rounders*, na picha za mkono ule zikawekwa ndani yake. Mtu aliyeingia katika Jumba la Heshima la poka mwaka 2010, ambaye kufikia mwaka 2023 alikuwa amekusanya vikuku kumi vya ubingwa wa dunia, anajulikana kwa mamilioni ya watazamaji kama yule kijana aliyeingia mtegoni mwa Johnny Chan.

Ndiyo maana katazo lake lilinisumbua. Anayekataa kusikia mwisho wa mkono ni mtu ambaye mwisho wa mkono wake umeonyeshwa dunia nzima.

Anachotaka kusikia, Konnikova anaeleza, ni yote yaliyotangulia. Ulikuwa umekaa wapi mezani, maana anayecheza mwisho ameshawaona wenzake? Ulikuwa na kete kiasi gani, na mpinzani wako kiasi gani? Alikuwa amecheza vipi saa nzima iliyopita? Ulifikiri ana nini? Kwa nini ulipandisha dau na hukulipa tu? Ukishafika hapo, unaweza kunyamaza. Seidel hakumpa mwanafunzi wake majibu ya kukariri. Alimtaka awe makini, na aweze kusema sababu ya kila alichofanya. Alimwanzisha chini kabisa: kwanza vitabu, kisha madau madogo ya mtandaoni, ambayo ilimbidi avuke kutoka New York hadi New Jersey ili ayacheze kisheria, kisha mashindano madogo ya Las Vegas. Kupanda ngazi kulitegemea kuiva kwake.

Kuhusu hadithi za bahati mbaya, msimamo wa Seidel ni mkali. Kumsimulia mwenzako ulivyodhulumiwa na karata, kwake, ni kama kumwaga takataka zako kwenye uwanja wa jirani. Wewe hubaki na funzo lolote, na yeye anabaki na uvundo.

Hesabu inamuunga mkono. Karata mbili bora za kuanzia ni ree mbili, na kwa wastani humfikia mchezaji mara moja katika kila migao 221. Tuseme umezipata, na mpinzani wako ana wafalme wawili. Mkiweka kete zote kabla ya karata za mezani, utashinda takriban mara nne kati ya tano. Mara hiyo moja inayobaki utashindwa, na hutakuwa umekosea popote. Mtu anayejifunza kutokana na matokeo peke yake ataondoka pale akiamini kwamba ree mbili ni karata mbaya. Upande wa pili yuko aliyeshinda na wafalme wake, naye ataondoka akijiona fundi.

Sisi tuliolelewa karibu na ubao wa bao huenda tukalipata hili kwa shida zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako. Kosa liko mahali fulani katika njia zako, nawe ukikaa ukafikiri utalipata. Kwenye bao, matokeo ni mwalimu mwaminifu. Kwenye poka, matokeo husema kweli mara nyingi na kudanganya mara nyingine, wala hayakuambii lini yanafanya lipi.

Nimejikuta nikiwasikiliza watu kwa sikio jingine. Pita kijiweni Jumatatu asubuhi, penye kahawa au pale bodaboda zinapoegeshwa, uwasikie vijana waliobeti mwishoni mwa wiki. Kila mmoja ana mkeka uliochanwa na timu moja. Timu zote zimeitika, moja imesawazishiwa dakika za nyongeza, na laki kadhaa zimeyeyuka. Inasimuliwa kwa uchungu wa kweli, wenzake wanatikisa vichwa, kisha anayefuata anatoa wa kwake. Sijasikia hata siku moja mtu akiulizwa: kwa nini uliiweka timu ile? Ulijua nini kuihusu? Na kila ulipoongeza timu nyingine kwenye mkeka, ulijua kuwa unapunguza nafasi ya mkeka mzima? Maswali hayo hayaulizwi kwa sababu yangeumiza kuliko dakika za nyongeza. Hadithi ya timu moja inamwachia mtu imani kwamba alikuwa karibu, na imani hiyo ndiyo inayomrudisha dirishani Jumamosi inayofuata. Vijana hawa nawaonea huruma, na ndiyo maana naona wangehitaji rafiki mmoja wa kuwakatiza.

Simshauri mtu yeyote acheze poka. Kwa msomaji Mwislamu, kamari imekwisha kuharamishwa ndani ya Qurani, na jambo halina mjadala. Kwa wengine pia, kasino hukata sehemu yake kabla ya mshindi kulipwa, hivyo hata anayecheza vizuri anaweza kuondoka na hasara mwezi hadi mwezi. Ninachokitaka ni lile swali la Seidel, na naamini linaweza kutolewa kwenye meza ya kamari likatumika penye heshima zaidi.

Lakini silitumii bila mashaka. Januari 2018, huko Bahamas, Konnikova alishinda mashindano yaliyompa dola 84,600. Kitabu kikaahirishwa, mwandishi akageuka mchezaji wa kulipwa, na dunia ikapenda kusoma habari zake. Angeamua vilevile, kwa uangalifu uleule, kisha akaondolewa mapema na karata moja ya mwisho, je, tungekisoma? Somo la kutojali matokeo limetufikia likiwa limebebwa na matokeo mazuri. Sioni njia ya kulikwepa hilo.

Kuna zito zaidi. Mchezaji wa poka hucheza maelfu ya mikono, na katika maelfu hayo bahati hujisawazisha, uamuzi mzuri ukaanza kuonekana. Mkulima wa mahindi ana msimu mmoja au miwili kwa mwaka. Mtu hununua kiwanja mara moja, huchagua shule ya mtoto mara moja, huamua hospitali ya kumpeleka mzazi wake usiku mmoja. Akiamua kwa busara zote na mambo yakaharibika, hapati mikono elfu mingine ya kumthibitishia kwamba hakukosea. Majirani wataona matokeo, ndugu wataona matokeo, naye mwenyewe usiku ataona matokeo. Seidel alipata zaidi ya miaka thelathini mezani baada ya 1988. Asiyepata hata mkono wa pili afanye nini?

Sina jibu la hilo, na kitabu hakikunipa. Lakini nimeanza na kitu kidogo kilicho ndani ya uwezo wangu. Mtu akinijia na habari ya jambo lililomharibikia, namuuliza alikuwa anajua nini siku ile alipoamua, na kwa kile alichokijua, alifikiri nini. Wengine hukasirika. Wengine hukaa kimya kidogo, kisha wanagundua kwamba hawakuwa wajinga, kwamba kwa kile walichokijua wangeamua vilevile hata leo. Na wengine wanagundua kwamba hawakuamua kabisa, walikubali tu kilichokuja. Makundi haya mawili ya mwisho yalikuwa yamefikia hasara ileile, na mpaka walipoulizwa, yalikuwa yanasimulia hadithi moja.