Je, Wajua? Tarehe 4 Agosti 1914

Je, wajua kwamba siku majeshi ya Ujerumani yalipovuka mpaka wa Ubelgiji, 4 Agosti 1914, ndiyo siku Waingereza walipoilipua Kaya Fungo kwa baruti? Simama ufuoni Kuruwitu, ipe bahari mgongo: kaya hiyo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, iko bara mbele yako, upande wa Kaloleni.

Wajua Uingereza ilitoa sababu gani ya kuingia vitani usiku huo? Kwamba nchi ndogo imeonewa. Mkataba wa London wa 1839 uliahidi kuwa Ubelgiji haitaguswa. Mkuu wa serikali ya Ujerumani akauita kipande cha karatasi. Wagiriama hawakuwa hata na hiyo karatasi.

Kosa lao? Kukataa. Walikataa kodi, wakakataa kutoa vijana wakafanye kazi kwa walowezi. Mwaka 1913 wakala viapo kayani: wanaume fisi, wanawake mukushekushe. Aliyewakusanya ni mjane, Mekatilili wa Menza, na chambo chake kilikuwa ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga. Nani angekataa kwenda matangani? Wazee husimulia kwamba alimletea Arthur Champion, afisa wa serikali, kuku na vifaranga vyake, akamtaka ajaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Vijana wetu, alimaanisha, mtawachukua hivyohivyo.

Oktoba 1913 akakamatwa pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadori Kola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka. Kutoka Kisii hadi Giriama ni kuikata Kenya nzima, kutoka jirani na Ziwa Victoria mpaka pwani, na mama huyu alikuwa mtu mzima. Walitembea. Agosti akakamatwa tena.

Je, wajua kaya na Keya zinatofautiana kwa herufi moja tu? Keya ndilo jina walilopewa askari Waafrika wa mfalme wa Uingereza. Hao, waliotakiwa kupigana na Wajerumani, ndio walioletwa kuwapiga Wagiriama mwezi huohuo. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na walioshindwa wakatozwa faini ya rupia 100,000. Waliokuwa wakilima kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama.

Na Ubelgiji, yule mnyonge? Septemba 1916 jeshi lake la Kongo liliuteka mji wa Tabora, na baada ya vita nchi hiyo ikabaki na Rwanda na Burundi. Unyonge wa Ulaya haukuvuka bahari.



Je, wajua kaya za Wamijikenda, Kaya Fungo ikiwemo, ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008? Kuruwitu nao walikuwa wametangulia kuweka mwiko wao, baharini: tengefu ya hekta 30, iliyofungwa 2005. Humo havuliwi samaki.

Mekatilili alirudi nyumbani 1919. Kaburi lake liko Bungale, Magarini. Kama kwenu Ganze, Vipingo au Kaloleni kuna nyanya anayezijua nyimbo za kifudu za mwaka 1913, toa simu umrekodi wiki hii.